Mchukuzi na Mizani

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, hufanyika katika nchi ya Marekani jambo ambalo wenyeji wake hulingojea kwa hamu kama watu wengine wangojeavyo mwandamo wa mwezi. Klabu 32 za Ligi ya Taifa ya Futboli huchagua kwa zamu, mmoja baada ya mmoja, vijana watokao katika vyuo vikuu ili wawe wachezaji wa mshahara. Uchaguzi huu huitwa drafti, jina ambalo Mswahili hulijua kwa mchezo wa kete wa barazani. Na kwa bahati jina hilo halikukosea sana, maana hapa pia yuko asogezaye na yuko asogezwaye. Klabu iliyofanya vibaya kuliko zote mwaka uliopita huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, na kijana akisha kuchaguliwa hana ruhusa ya kufanya mapatano na klabu nyingine.

Futboli isemwayo hapa si kandanda. Ni mchezo wa watu 11 kwa 11, ambamo kila upande hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, kwa kuutupa hewani au kwa kuuchukua mkononi na kukimbia nao. Yule aukimbiaye nao, akiingia katikati ya watu wakubwa wanaotaka kumwangusha, ndiye anayeshughulikiwa na insha hii. Kiswahili kina jina linalomfaa: mchukuzi. Mchukuzi ni mtu abebaye mzigo usio wake kwa ujira, na heshima yake hupimwa kwa mzigo kufika. Jina hili litatumika hapa kwa maana zote mbili.

Msomaji aweza kuuliza, jambo hili la ng'ambo lina nini na wanachuo? Lina mengi. Vijana hao ni wanafunzi wa vyuo vikuu, au walau majina yao yameandikwa katika daftari za vyuo vikuu. Kazi ya kuwapima hufanywa kwa tarakimu, kwa saa, kwa mizani na kwa vitabu vya hesabu, yaani kwa vyombo vile vile ambavyo wasomi hujivunia. Kisha kipimo hicho huamua ujira wa mtu katika miaka michache aliyo nayo ya nguvu. Pahali popote ambapo elimu hupima watu na kutoa hukumu, elimu yenyewe haina budi kupimwa. Na kipimo cha wachukuzi, kama kilivyo leo, kina makosa matatu ya akili na moja la haki. Na hilo la haki ndilo zito kuliko yote.

Ajuaye historia ya uchaguzi huu angetazamia wapimaji wawe wanyenyekevu. Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia mwezi wa Februari mwaka 1936, kwa shauri la Bert Bell, aliyekuwa mwenye klabu ya Eagles. Kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa mchukuzi, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye mwaka 1935 alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa tuzo ambayo sasa huitwa Tuzo ya Heisman. Eagles walimchagua, wakauza haki yao kwa Bears wa Chicago. Lakini Berwanger hakupatana nao juu ya ujira, akaenda zake kwenye kazi nyingine. Hakucheza hata mchezo mmoja wa kulipwa. Mlango wa uchaguzi ulifunguliwa kwa mtu ambaye hakuupitia, na somo lililokuwemo ni jepesi: mtu si kete, ana nafsi na ana bei anayoijua mwenyewe. Miaka 90 imepita, na somo hilo bado halijasomwa.

Kosa la kwanza ni kuabudu saa na mizani. Tangu mwaka 1987 vijana wanaotarajiwa kuchaguliwa hukusanywa katika mji wa Indianapolis, wakapimwa kimo, uzito, urefu wa mikono, wakaruka, na juu ya yote wakakimbia yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu. Katika mbio hizo sehemu ya kumi ya nukta moja yaweza kumpandisha mtu au kumshusha. Lakini fikiria mbio zenyewe ni za namna gani. Kijana hukimbia peke yake, katika mstari ulionyooka, bila mpira mkononi, bila mtu mbele yake, akiondoka wakati apendao mwenyewe. Katika mchezo hukimbia katikati ya watu, mpira ukiwa kwapani, njia ikifunguka na kufungika kabla hajavuta pumzi, na mara nyingi safari yake nzima haifiki hata yadi tano. Kumpima mchukuzi kwa mbio za peke yake ni kama kumpima nahodha wa jahazi kwa namna anavyoogelea. Kuogelea ni kuzuri, na nahodha asiyejua kuogelea yu hatarini. Lakini si unahodha.

Mwaka 1990 wapimaji walimwona Emmitt Smith wa Chuo Kikuu cha Florida kuwa mfupi, tena si mwepesi wa kutosha. Aliachwa mpaka nafasi ya 17, Cowboys wa Dallas wakamchukua. Mchukuzi aliyetangulizwa mbele yake, Blair Thomas wa Penn State, alichaguliwa wa pili katika nchi nzima na Jets wa New York. Thomas hakupata kufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote. Smith aliongoza ligi kwa yadi za kukimbia mara nne, akatwaa ubingwa mara tatu, na alipostaafu baada ya msimu wa 2004 alikuwa amejumlisha yadi 18,355, hesabu ambayo hakuna mchukuzi mwingine aliyeifikia. Alichokuwa nacho Smith hakikuwa siri. Alikuwa na jicho la kuona njia kabla haijafunguka, subira ya kuwangoja wazuiaji wake, na mwili uliokataa kuanguka kwa mkono mmoja. Yote hayo yalionekana kila Jumamosi katika viwanja vya chuo. Yalikosa tarakimu tu, na kwa sababu yalikosa tarakimu yalihesabiwa kuwa hayapo.

Haisemwi hapa kwamba mbio hazina maana. Mwaka 2008 mwandishi Bill Barnwell alitunga kanuni ya kupima mbio pamoja na uzito: uzito wa mtu kwa ratili huzidishwa kwa 200, kisha hugawanywa kwa kipeo cha nne cha muda wake wa yadi 40. Kanuni hiyo ina busara ndani yake, maana yakiri kwamba mbio za mtu mzito si sawa na mbio za mtu mwepesi. Na Chris Johnson, aliyekimbia yadi 40 kwa nukta 4.24 mwaka huo huo, alipata yadi 2,006 katika msimu wa 2009. Lakini kipimo kizuri hugeuka kuwa kibaya kikisha kupewa kazi isiyo yake. Saa yaweza kuonya kwamba mtu ni mzito mno wa miguu. Haiwezi kushuhudia kwamba mtu ni mchukuzi.

Kosa la pili ni la wale wasemao: basi tuiache saa, tutazame kazi aliyoifanya chuoni. Shauri hili ni bora kuliko la kwanza, illa hufanywa kwa uvivu. Kazi hutazamwa kwa jumla yake, na jumla husema uongo. Ron Dayne wa Wisconsin alimaliza chuo mwaka 1999 akiwa na Tuzo ya Heisman na yadi 7,125, ikiwa michezo ya mwisho wa msimu itahesabiwa. Mwaka 2000 alichaguliwa wa 11 na Giants wa New York, na katika ligi hakufikisha yadi 1,000 katika msimu hata mmoja. Shaun Alexander wa Alabama, aliyengoja mpaka nafasi ya 19 mwaka huo huo, ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2005, kwa yadi 1,880 na kuvuka mstari wa mwisho mara 28. Jumla ya Dayne ilikuwa ya kweli, lakini ilichanganya nguvu zake mwenyewe, nguvu za wazuiaji wakubwa waliomtangulia, na udhaifu wa baadhi ya wapinzani wake.

Hata jumla mbili za kazi moja hazilingani mpaka zifumuliwe. Mwaka 1988 Barry Sanders wa Oklahoma State aliandikiwa yadi 2,628 kwa michezo 11, maana siku hizo mchezo wa mwisho wa msimu haukuingizwa katika hesabu. Mwaka 2024 Ashton Jeanty wa Boise State alipata yadi 2,601 kwa michezo 14. Anayesoma ukurasa wa hesabu bila kusoma idadi ya michezo ataona watu wawili waliokaribiana sana. Anayesoma vyote viwili ataona kwamba mmoja alikuwa akipata karibu yadi 240 kwa mchezo na mwingine karibu 186. Wote wawili ni wachukuzi wakubwa, na wote wawili walistahili kuchaguliwa mapema. Lakini ikiwa tofauti kubwa namna hiyo yaweza kujificha katika watu wawili mashuhuri, seuze katika mamia ya vijana wa vyuo zaidi ya 130 vya daraja la juu, ambavyo havilingani kwa fedha, kwa walimu wala kwa wapinzani?

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mchukuzi aelea kwa sababu mbele yake wapo watu watano au zaidi waliomuundia njia. Mwaka 2012 Trent Richardson alitoka Alabama, chuo chenye wazuiaji hodari, akachaguliwa wa tatu na Browns wa Cleveland. Katika maisha yake yote ya ligi alipata wastani wa yadi 3.3 kila alipouchukua mpira, na mwezi wa Septemba 2013 Cleveland walimtoa kwa Indianapolis. Mwaka ule ule wa 2012, Alfred Morris wa Florida Atlantic, chuo ambacho wengi hawajui kilipo, alichaguliwa wa 173 na klabu ya Washington. Akapata yadi 1,613 katika msimu wake wa kwanza. Usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Hapa ndipo wanaposimama wenye kosa la tatu, nao ndio wenye sauti kubwa katika zama hizi. Husema: tazameni, Morris alichaguliwa wa 173 akafanya makubwa, basi mchukuzi si kitu, wazuiaji ndio kila kitu, na mtu yeyote akitiwa nyuma ya safu nzuri atapata yadi zake. Hoja yao isipunguzwe nguvu, kwa kuwa ina nguvu. Morris alifundishwa na Mike Shanahan, na Shanahan huyo alipokuwa Denver alikuwa na Terrell Davis, aliyechaguliwa wa 196 mwaka 1995, ambaye mwaka 1998 alipata yadi 2,008. Davis alipoumia mwaka 1999, Olandis Gary wa duru ya nne alishika mahali pake akapata 1,159. Mwaka 2000 akaja Mike Anderson wa duru ya sita akapata 1,487. Aliyeona mambo hayo kwa mfululizo hakosi kushawishika kwamba njia ndiyo impatiayo mtu yadi, wala si mtu ajipatiaye kwa nguvu zake. Imani hii ikaenea hata mwaka 2013, 2014, 2022 na 2024 hakuna mchukuzi hata mmoja aliyechaguliwa katika duru ya kwanza.

Lakini hoja hii huthibitisha nusu, kisha huchukua zima. Yathibitisha kwamba wazuiaji wazuri na mwalimu mzuri humwinua mchukuzi wa kadiri. Haithibitishi kwamba wachukuzi wote ni wa kadiri moja. Gary na Anderson walifanya vizuri katika njia za Davis, lakini hakuna kati yao aliyefika alipofika Davis katika njia hizo hizo.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa Saquon Barkley, aliyetoka Penn State na kuchaguliwa wa pili mwaka 2018 na Giants. Mwaka 2023 alipata yadi 962 huko New York. Mwaka 2024 alihamia kwa Eagles wa Philadelphia, akapata yadi 2,005, na mwezi wa Februari 2025 klabu hiyo ikatwaa ubingwa. Wenye imani mpya husema, naam, ni wazuiaji wa Philadelphia. Ajabu ni kwamba wazuiaji hao walikuwako mwaka uliotangulia, tena wakati huo Jason Kelce, nguzo ya katikati ya safu yao, alikuwa hajastaafu. Na mchukuzi mkuu wa mwaka huo, D'Andre Swift, ambaye si mchezaji dhaifu hata kidogo, alipata yadi 1,049. Njia ilikuwa karibu ile ile, na mtu alipobadilika hesabu ilikaribia kuwa maradufu. Basi Barkley bila wazuiaji alipata 962, na wazuiaji bila Barkley walipata 1,049. Zilipokutana nguvu mbili ndipo zilipopatikana 2,005. Mwenye kusema mchukuzi ni kila kitu na mwenye kusema mchukuzi si kitu wamekosa sawasawa, kwa kuwa wote wawili wamekata uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi mbili kisha wakauliza ni upi ulioinua ndoo.

Na tazama jinsi imani hii ilivyo nyepesi. Miezi michache baada ya ushindi wa Philadelphia, katika drafti ya 2025, Jeanty alichaguliwa wa sita na Omarion Hampton wa 22. Hakuna elimu mpya iliyovumbuliwa kati ya Aprili na Aprili. Kilichobadilika ni upepo. Elimu inayogeuka kwa msimu mmoja wa mtu mmoja haistahili kuitwa elimu. Ni mtindo wa nguo.

Makosa hayo matatu yangeweza kuachwa yawe mzaha wa watu wenye fedha, kama yangekuwa hayamdhuru mtu. Bali yapo na kosa la nne, ambalo si la akili tena. Wapimaji huhesabu ni mara ngapi kijana aliuchukua mpira chuoni, na hesabu ikiwa kubwa huiandika kuwa ila. Husema amechakaa, kama mtu asemavyo juu ya mpira wa gari uliokwisha kwenda maili nyingi. Derrick Henry wa Alabama aliuchukua mpira mara 395 mwaka 2015, akapata Tuzo ya Heisman, na katika mambo yaliyotajwa dhidi yake lilikuwa hili, kwamba amekwisha kutumika mno. Aliachwa mpaka nafasi ya 45. Mwaka 2020 alipata yadi 2,027, na mwaka 2024, akiwa amekwisha kutimiza miaka 30, alipata yadi 1,921. Lakini hata kama Henry angalivunjika siku ya kwanza, ubaya wa kipimo hicho ungebaki pale pale, na hapana budi uelezwe kwa utaratibu.

Kwanza, kijana hana ruhusa ya kuingia katika ligi mpaka ipite miaka mitatu tangu kumaliza shule ya sekondari. Maurice Clarett wa Ohio State aliishitaki kanuni hiyo. Alishinda katika mahakama ya kwanza mwezi wa Februari 2004, akashindwa katika rufani mwezi wa Mei mwaka huo huo, katika hukumu iliyoandikwa na Sonia Sotomayor, ambaye mwaka 2009 alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi. Pili, katika miaka hiyo mitatu vyuo vilipata fedha nyingi kwa viwanja vilivyojaa na kwa televisheni, na mpaka Julai 2021 mchezaji alikatazwa kupokea malipo kwa jina lake. Alipewa masomo, makazi na chakula. Ni mwaka 2025 tu ambapo mapatano yaliyokubaliwa mahakamani yaliviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Tatu, akisha kuchaguliwa, kwa mapatano ya mwaka 2011, mkataba wake wa kwanza ni wa miaka minne kwa ujira unaofuata nafasi aliyochaguliwa. Na aliyechaguliwa katika duru ya kwanza aweza kushikwa mwaka wa tano kwa hiari ya klabu. Nne, baada ya hapo klabu yaweza kumfunga kwa mwaka mmoja mmoja kwa ujira uliokadiriwa, asiweze kwenda kutafuta bei yake.

Sasa unganisha mambo haya. Kijana huzuiwa kuuza kazi yake anapokuwa na miaka 18. Kazi hiyo huchukuliwa na chuo. Kisha siku ya kuuzwa huambiwa, bei yako imeshuka kwa sababu umefanya kazi nyingi. Hushushwa nafasi, na kwa kuwa ujira hufuata nafasi, hushushwa ujira. Huufanyia kazi ujira huo miaka minne au mitano, na anapofika miaka 26 au 27, wakati wa kudai mkataba wa pili, huambiwa tena kwamba amechakaa. Jasho lile lile huhesabiwa dhidi yake mara mbili. Mfanyakazi gani mwingine duniani ambaye bidii yake huandikwa katika daftari upande wa deni? Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, lakini hapa ngozi inayovutwa ni ya mtu.

Wachukuzi wenyewe wameliona. Mwaka 2018 Le'Veon Bell wa Pittsburgh alikataa zaidi ya dola milioni 14 za mwaka mmoja, asicheze msimu mzima, kwa kutaka mkataba unaolinda siku zake za baadaye. Mwezi wa Julai 2023, baada ya Barkley na Josh Jacobs kufungwa kwa ujira wa mwaka mmoja, wachukuzi mashuhuri wa ligi walikutana kwa njia ya video kujadili hali yao. Hawakupata njia, kwa maana mapatano yamekwisha kuandikwa, na katika chama cha wachezaji wote wao ni wachache.

Watetezi wa kipimo hiki watajibu kwamba mwili huchakaa kweli, na kwamba klabu si wakfu. Jibu la kwanza ni la kweli, nalo halikanushwi. Ki-Jana Carter wa Penn State, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 1995, alivunjika goti katika mchezo wake wa kwanza wa matayarisho na hakurudia kuwa alivyokuwa. Terrell Davis wa nafasi ya 196 naye aliumia goti mwaka 1999, na safari yake ikaishia hapo muda mfupi baadaye. Goti halikuuliza nani alikuwa wa kwanza na nani wa 196. Marcus Lattimore wa South Carolina aliumia vibaya mwaka 2012 akiwa bado chuoni, akachaguliwa na San Francisco mwaka 2013 katika duru ya nne, akaacha mpira mwaka 2014 bila ya kucheza mchezo mmoja wa ligi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa mchukuzi u karibu kuliko wa wengine wote.

Lakini neno hili likikubaliwa, latoa tamko jingine kabisa kuliko lile walitakalo. Ikiwa mwili wa mchukuzi una miaka michache, basi haki ni alipwe katika miaka hiyo, si kabla ya hiyo kwa masomo wala baada yake kwa sifa. Kujua kwamba mtu atachakaa mapema, kisha kumfunga kwa ujira mdogo mpaka achakae, ndilo jambo lenyewe linalolaumiwa. Na kuhusu klabu kuwa si wakfu, ni kweli. Lakini mahali ambapo muuzaji wa kazi amekatazwa kuwaendea wanunuzi wengine, si haki kusema kwamba bei imewekwa na soko.

Wako pia wasemao kwamba watu hawa ni matajiri, hawahitaji kuonewa huruma. Huruma haikuombwa. Wachache ni matajiri. Wengi huchaguliwa mwishoni au hawachaguliwi kabisa, kama Arian Foster wa Tennessee, ambaye hakuna klabu iliyomchagua mwaka 2009 na mwaka 2010 akaongoza ligi kwa yadi 1,616. Wako kwa upande mwingine wasemao kwamba kusanyiko la Indianapolis, ambapo vijana, wengi wao Wamarekani weusi, hupimwa miili wakiwa na kaptura tu mbele ya wanunuzi, ni soko la watumwa. Msomaji wa pwani hii, aliye karibu na kumbukumbu ya soko lililofungwa Unguja mwaka 1873, hapendi neno hilo litumiwe kwa wepesi. Vijana hawa huenda kwa hiari, hulipwa, na waweza kuondoka kama Berwanger alivyoondoka. Kosa lao wapimaji litajwe kwa jina lake, ambalo latosha: ni dhuluma ya mizani.

Ni vipi basi mchukuzi apimwe? Atazamwe akiichukua kazi yake, kila mara aliyoichukua, si zile zilizokatwa zikaunganishwa kwa sifa. Yadi alizopewa na wazuiaji zitengwe na yadi alizozipata baada ya kuguswa na adui wa kwanza, maana hapo ndipo kazi yake inapoanza kuwa yake peke yake. Itazamwe akili yake anapomlinda mwenzake mtupaji, kazi isiyo na makofi. Wapinzani wake wahesabiwe wala wasichukuliwe kuwa sawa. Wala asidharauliwe kwa udogo wa chuo au kwa ugeni wa njia yake. Christian Okoye, Mnigeria, alikwenda Marekani kwa kurusha kisahani. Alianza futboli mwaka 1984 akiwa mtu mzima katika chuo kidogo cha Azusa Pacific, akachaguliwa wa 35 mwaka 1987 na Kansas City, na mwaka 1989 aliongoza ligi kwa yadi 1,480. Vitabu vya hesabu za vyuo vikubwa havikuwa na neno juu yake. Mtu aliyekwenda kumtazama alikuwa nalo.

Hata baada ya haya yote, mpimaji mwenye insafu atakiri kwamba hakuna macho yaonayo miaka mitano mbele. Ungamo hilo lina matokeo yake katika ujira. Kwa kuwa hakuna ajuaye siku ya kuchaguliwa nani atakuwa Smith na nani Thomas, si haki nafasi ya siku hiyo iamue mshahara wa miaka minne ya mtu ambaye siku zake za nguvu ni chache. Mkataba wa kwanza wa mchukuzi na uwe mfupi kuliko wa wengine, na kufungwa kwa mwaka mmoja mmoja kuondolewe kwake, ili yule aliyefanya kazi aweze kudai malipo ya kazi angali na miguu ya kuifanya. Na hesabu ya mara alizouchukua mpira chuoni iondolewe katika safu ya ila, isomwe kuwa ushahidi kwamba mwalimu wake alipokuwa na mzigo alijua wa kumpa.

Vyuo vikuu vina sehemu yao katika lawama hii, tena si ndogo. Chuo kimpokeacho kijana kwa jina la elimu, kikamtumia mara 395 katika msimu mmoja, kisha kikanyamaza wakati hesabu hiyo inaposomwa kama hati ya mashitaka, kimeshindwa kazi yake ya kwanza, ambayo ni kumtetea mwanafunzi. Ni vyuo hivyo hivyo vyenye idara za hesabu, za sheria na za uchumi. Visingekosa mtu wa kusimama na kusema kwamba kipimo hiki ni kibovu, kama visingekuwa na fungu katika faida yake. Mzigo ulifika, na wenye mzigo wanajua ulifikaje. Kilichobaki ni ujira wa mchukuzi.